Mashuka ya Wodi ya Nane

Pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Bi Mashuka, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa, na majivuno hayakumkosa. Alisema shuka halidanganyi. Mletee shuka alilolalia mtu usiku mmoja, naye atakwambia kama mtu huyo ana homa, kama anakula, kama analalia ubavu mmoja tu kwa sababu wa pili unamuuma. Mara nyingi alipatia. Alipokosea hakuna aliyeshuka kutoka wodini kuja kumsahihisha, kwa hiyo majivuno yakazidi kunawiri.

Kazi yenyewe ilikuwa na pande mbili. Asubuhi wachukuzi walileta magunia, kila shuka likiwa limepigwa muhuri wa namba ya wodi yake, wakayatenganisha pale mlangoni. Yaliyolowa mkojo yalikwenda kushoto, kwenye mabeseni ya saruji, yakalowekwe kwanza na dawa. Huko ndiko kwa Bi Mashuka. Makavu, au yenye doa dogo tu, yalikwenda kulia, moja kwa moja kwenye mashine, na mashine ilikuwa ya mwanamume mwembamba aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Kila mtu na upande wake. Bi Mashuka hakuwahi kugusa mashuka ya Redio, na Redio naye, mjanja yule, hakuwahi kuyatamani mabeseni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bi Mashuka alikuwa amezaa wanne na bado alikuwa anaficha. Tangu alipomzaa kitinda mimba wake, ambaye ndiye binti pekee, mwili ulikuwa umemgeuka pole pole. Kwanza ulikuja uzito fulani chini, kama mtu aliyekalia yai na hataki kulivunja. Baadaye kikawa kitu kabisa, kinashuka akisimama sana, kinarudi akilala. Akicheka, tone. Akipiga chafya, zaidi ya tone. Usiku ndio usiseme. Kabla hajaupata mguu wa pili wa ndala, kitanda kimeshalowa. Mumewe alifariki bila kujua zaidi ya nusu ya mambo haya, na wanawe hawakujua lolote. Alikata vitambaa kutoka mashuka yaliyochakaa, akavikunja mara nne, akavivaa. Maji alikunywa kwa kuiba. Angemwambia nani? Binti? Angeanzaje kumwambia mtoto kwamba haya yote yalianza siku ya kumzaa yeye?

Siku moja binti akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Mama, nina mimba. Miezi mitatu sasa."

"Mungu ashukuriwe, mwanangu! Unakula vizuri?"

"Nakula. Mama, nikijifungua utakuja kukaa na mimi?"

Bi Mashuka aliziona wazi siku arobaini kwenye nyumba ya watu, kwenye godoro la watu.

"Unajua kazi yangu, mwanangu."

"Kazi gani hiyo, Mama? Tangu niolewe ni miaka sita, hujalala kwangu hata siku moja. Unakuja asubuhi, jioni unakimbilia stendi kama umeiba. Mama mkwe ananiuliza, mama yako anatuonea kinyaa? Nimjibu nini?"

"Mwambie kazi."

"Basi usipokuja safari hii sitakuomba tena," binti akasema, na hakuwa anatania.

Dawa ya shida ya Bi Mashuka ilikuwepo, na alijua ilipo. Ilikuwa ghorofa mbili juu ya kichwa chake, wodi ya nane, ambako wanawake wenye vizazi vilivyoshuka na vibofu visivyoshika walipasuliwa na kushonwa. Lakini yeye ndiye aliyefua mashuka ya wodi ya nane! Kila siku ya Mungu yalimfikia yamelowa chepechepe. Miaka yote hiyo yalikuwa hivyo, daktari akibadilika au asibadilike. Kama kupasuliwa kunasaidia, mbona wanakojoa vile vile? Alikwisha kuwahukumu madaktari wale zamani, kimya kimya, na hukumu yake ilikuwa moja: wanawakata watu bure.

Sasa hukumu ile na maneno ya binti vikaanza kupigana kichwani mwake, na kichwa hakikujua kimshangilie nani.

Akajaribu kuuliza kwa kuzunguka. Alimwambia jirani yake, mwanamke wa maneno mengi, kwamba kuna mwenzake kazini ana tatizo hili na hili. "Asithubutu!" jirani akasema. "Wakimtoa kizazi atabaki gunia tupu, baridi itamwingia mpaka kwenye mifupa." Muuza dawa wa dukani, alipoulizwa habari za mwenzake yule yule, alisema ni uzee tu, azoee. Wifi yake akasema afunge tumbo kwa kitambaa kigumu. Alifunga siku tatu, na kitu kikashuka zaidi, kwa hasira nadhani. Alirudi kutoka kwa washauri wake akiwa amechanganyikiwa kuliko alipokwenda.

Kisha Redio akaugua malaria, akapewa wiki nzima ya kupumzika. Msimamizi akamwambia Bi Mashuka asaidie upande wa mashine.

Siku ya pili yake huko kulia alishika shuka lenye muhuri wa nane. Lilikuwa kavu. Alilinusa, akaligeuza, akalinusa tena. Kulikuwa na alama ndogo ya damu katikati, ya kahawia, ukubwa wa kifungo cha shati. Akachukua la pili: nane, kavu. La tatu: nane, kavu, na doa la chai. Alifukua gunia zima mpaka yakafika kumi na moja, akasimama katikati yao mikono imening'inia. Mashine ikamaliza mzunguko wake ikaanza kulia, hakuisikia.

Mchana alipanda ngazi mpaka wodi ya nane, akiwa amebeba mashuka safi kwa kisingizio. Alimkuta sista wa wodi akiandika.

"Sista, samahani. Haya makavu ni ya akina nani?"

"Makavu?"

"Mashuka. Kuna ya mkojo, ninayoyafua mimi, na kuna makavu, yanakwenda kwa Redio. Yote yenu."

Sista akaweka kalamu chini. "Ya mkojo ni ya wanaosubiri kupasuliwa, Bi Mashuka. Wengine husubiri hata wiki mbili. Makavu ni ya waliokwisha kupasuliwa. Wakishatolewa mpira wa mkojo, siku mbili tatu wanakwenda nyumbani. Ulifikiri nini?"

Bi Mashuka alijisikia mjinga, na ujinga wa miaka ishirini na mitatu hauvuliwi kama kanga. Waliopona hawakuwa na kitu cha kumletea. Ndiyo maana hakuwahi kukutana nao. Alitaka kucheka, lakini alikumbuka kwamba akicheka atalowa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka mbele ya sista, na mashuka safi bado yako mikononi.

"Na wewe una shida hii, eh?" sista akasema taratibu. Akainuka akafunga mlango.

Mtu angedhani sasa mambo yangenyooka. Wapi! Daktari, mwanamke wa makamo mwenye tabia ya kuchora nyuma ya kila karatasi, alimchorea kibofu, kizazi, na misuli ya chini inayovishikilia, iliyolegea. Akamweleza kwamba kuna mazoezi ya kubana na kuachia misuli hiyo, ila kwake peke yake hayatatosha. Kuna pete ya mpira inayowekwa ndani ikazuia kizazi kisishuke. Kuna kupasuliwa: kizazi kitolewe, kuta zishonwe, kibofu kiinuliwe.

"Ipi inaponya?" Bi Mashuka akauliza.

"Inategemea wewe unataka nini."

"Mimi nataka kulala kwa binti yangu."

Daktari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kushona kunaweza kukufikisha huko. Lakini nikudanganye kwa nini? Wapo ambao kitu kinarudi baada ya miaka. Wapo ambao kizazi kinatulia lakini mkojo unasumbua bado, au unachukua miezi kukaa sawa. Siwezi kukuapia."

Sasa hilo ni jibu gani? Bi Mashuka alizoea shuka: limetakata au halijatakata. Alikwenda na ule mchoro nyumbani, akautazama juu chini, akaukunja, akaukunjua. Jumatatu aliamua kupasuliwa, Jumanne akaamua pete, Jumatano akaamua kufa na chake. Alhamisi binti alituma picha ya tumbo lake, bila neno hata moja. Ijumaa Bi Mashuka akatia sahihi, haelewi bado kama anafanya la maana au anafuata tu moyo.

Kwa binti alisema ni upasuaji mdogo wa tumbo.

Walimchoma sindano mgongoni, miguu ikawa ya mtu mwingine. Alikuwa macho. Alisikia daktari akiomba uzi, mkasi, uzi tena, na mtu akizungumzia bei ya vitunguu. Alilitazama lile pazia la kijani lililotundikwa mbele ya uso wake, akaona doa kwenye upindo ambalo halikutoka vizuri, akasema kwa sauti, "Hili ni la Redio hili." Chumba kizima kikacheka. Kesho yake walimtoa mpira. Siku ya tatu alirudi nyumbani na karatasi ya masharti: asinyanyue kitu kizito, asichuchumae, anywe maji. Maji! Alikunywa bilauri mbili kwa mkupuo, mchana kweupe, akawa anaogopa kama mtoto aliyevunja sahani.

Kazini walimhamishia meza ya kukunja. Wiki zikapita. Kile kitu hakikushuka. Tone lilikuja mara moja moja akikohoa, na kila tone lilimkosesha raha siku nzima: je, ndiyo ile aliyosema daktari, au nyuzi zinaachia? Alibana na kuachia kama alivyofundishwa, jikoni, kwenye foleni ya benki, kanisani wakati wa mahubiri. Kitanda chake kilikuwa kikavu. Alikikagua kila asubuhi na kila asubuhi hakukiamini.

Binti akajifungua mtoto wa kike. Bi Mashuka akafunga begi, na chini kabisa, chini ya zawadi, akaweka vile vitambaa vilivyokunjwa mara nne.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Siku ya nane, binti alikuwa hoi kwa kukesha, macho mekundu, na Bi Mashuka akamwambia, "Niletee huyo bibi mdogo alale na mimi, ukalale."

Alfajiri aliamka akahisi ubaridi chini ya paja. Akapeleka mkono. Shuka limelowa.

Nyuzi zimeachia, akajisemea. Yamerudi. Alimsogeza mtoto pembeni bila kumtazama, akatoa shuka, akatoka nalo hadi bombani uani kabla mama mkwe hajaamka. Alikuwa anafikicha kwa nguvu zote aliposikia ndala nyuma yake.

"Mama, unafua nini saa hizi?"

Na Bi Mashuka, aliyekaa na siri miaka ishirini na sita, akashindwa kukaa nayo dakika moja zaidi. Alisema yote, mikono ikiwa kwenye povu. Kukalia yai. Vitambaa. Stendi ya basi. Kwamba haikuwa kinyaa, haikuwa kazi, ilikuwa hofu ya kulowesha godoro la watu. Kwamba halikuwa tumbo lililopasuliwa. "Na yamerudi," akasema, "tazama. Nimekuja kukuaibisha nyumbani kwako."

Binti akageuka akaingia ndani. Bi Mashuka akainamisha kichwa, basi, imekwisha. Lakini binti akarudi na mtoto mkononi, ameshika nepi yake kwa vidole viwili, inachuruzika, imelegea upande mmoja mpaka kwenye goti.

"Mama," akasema, "miaka ishirini na mitatu ya kusoma mashuka, na hukumtazama huyu?"

Bi Mashuka aliinua shuka akalinusa. Halikuwa lake. Mkojo wa mtoto wa maziwa, hata mwanafunzi wa siku moja angelijua hilo. Akajipapasa nguo yake: kavu, ila upande mmoja uliokuwa umegusana na mtoto. Hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, na alicheka kwa nguvu, na hakikutoka kitu.

Binti alikuwa anacheka naye. Kisha ghafla akaacha, akabana miguu, akatazama chini.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi. Tangu nijifungue. Nikicheka hivi."

Bi Mashuka akaliachia shuka lizame kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye kanga, akamshika binti yake mkono.

"Hiyo ya siku nane mara nyingi hupona," akasema. "Kuna kubana na kuachia, nitakufundisha leo. Siku ya kliniki unamwambia sista kila kitu, na mimi nitakuwa nimekaa karibu yako nisikie umemwambia."

"Naona aibu, Mama."

"Najua," Bi Mashuka akasema. "Nitaanza mimi kusema."