Alimkuta Mama Yake Akiuzwa Dola Nane

Saa tatu asubuhi, Odessa Gethers anagonga mlango wa chumba namba 214, anasubiri kidogo, kisha anaingiza toroli lake la mashuka. Mtalii aliyelala humu ameshaondoka. Ameacha maganda ya kamba kwenye sahani, ramani ya Charleston iliyokunjwa hovyo na taulo tatu sakafuni.

"Anza na kona ya mbali ya kitanda," anasema, akivuta shuka kwa mkono mmoja. "Ukianza na ya karibu, mgongo utakulilia jioni."

Odessa, mwenye miaka sitini na miwili, ametandika vitanda katika hoteli hii ya bandarini kwa miaka ishirini na saba. Analipwa dola kumi na saba kwa saa. Alizaliwa mitaa sita kutoka hapa, lakini kodi zilipopanda alihamia North Charleston kama majirani zake wengi, na sasa kila siku anapanda basi dakika hamsini kuja kazini.

Kuutembelea mji wake kama mgeni hakuwahi kufikiria. "Nitembelee nini? Si kwetu?"

Mei mwaka jana, meneja alimzawadia tiketi mbili za matembezi ya watalii. Odessa alitaka kuziuza. Mwenzake wa ghorofa ya tatu, Delphine Mazyck, akamkatalia.

"Dess, acha ubahili. Na sisi tukavae kofia kubwa, tukaulize maswali ya kijinga."

Wakapanda gari la kuvutwa na nyumbu, chotara wa punda na farasi. Kiongozi wa msafara akauliza kila mtu ametoka wapi. Ohio, wakasema. Ujerumani. Odessa akajibu, "Hapa hapa," na gari zima likacheka, likidhani anatania.

Matembezi yaliishia kwenye duka la zawadi. Ukutani kulikuwa na mamia ya visumaku vyenye picha, vya kubandika kwenye friji. Delphine akachukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"We Dess! Huyu si wewe na kilemba?"

Odessa alitazama. Mwanamke amejitwika kapu la maua, anacheka, pengo linaonekana. Miguuni amevaa viatu vya kiume vilivyofungwa kwa utepe.

"Viatu vya baba," Odessa anaeleza. "Alipofariki, mama alivivaa mpaka vikaisha. Nilijua ni yeye, nikarudi nyuma. Nilishika rafu, vikombe vikaanguka."

Mama yake, Rosetta Gethers, aliuza maua kwenye kona ya mtaa hadi alipofariki mwaka 1986. Miaka mitatu baadaye kimbunga kiling'oa paa la nyumba, kikaondoka na kila picha ya familia. Kwa miaka thelathini na mitano Odessa hakuwa ameuona uso wa mama yake.

"Lile pengo nilikuwa nimelisahau," anasema, na hapa anaacha kutandika. "Unasahauje pengo la mama yako?"

Chini ya picha paliandikwa: Muuza maua wa Charleston. Jina halijulikani.

Binti wa kwenye kaunta akaja kuokota vipande vya vikombe. "Utachukua hicho, mama? Ni dola nane."

"Nimnunue mama yangu?"

"Katika mji huu tulishauzwa vya kutosha enzi za utumwa," Delphine akafoka. "Mwite bosi wako!"

Mwenye duka, mzee Harlan Pruitt, alitoka taratibu. Alisema picha aliinunua kihalali kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja, na kwamba wapo wengine waliokwisha kudai kuwa yule ni bibi yao.

Odessa hakubishana. Alionyesha ukingo wa kisumaku, mahali ambapo vidole vidogo vinne vilishika aproni ya yule mwanamke. Mwenye vidole alikuwa amekatwa nje ya picha.

"Picha nzima unayo? Basi nenda kaitazame. Kuna mtoto wa kike. Mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, alikanyaga gamba la chaza asubuhi hiyo. Mtoto huyo ni mimi."

Pruitt aliingia chumba cha nyuma. Alirudi na picha mkononi, akaketi kwenye ngazi ya kupandia rafu. Mtoto alikuwepo. Kitambaa kilikuwepo.

"Miaka kumi na moja nimeiuza," akasema. "Mungu wangu. Sikuwahi kumuuliza mtu."

Alimpa Odessa ile picha, akaahidi toleo jipya lenye jina mara visumaku vya zamani vitakapokwisha. Vilibaki mia tatu. Odessa akakataa hata kimoja kisiuzwe vile. Jumatatu mbili za mapumziko yake alikaa dukani na kalamu ya wino mzito, akifuta "jina halijulikani" na kuandika Rosetta Gethers, kimoja baada ya kingine. Jumatatu ya pili Pruitt alivuta kiti, akachukua kalamu nyingine.

Kuhusu vile vilivyokwisha kuuzwa, vilivyo kwenye friji za watu asiowajua, Odessa anatikisa kichwa, kisha anavuta foronya.

Machi ijayo anastaafu. Tarehe tisa, siku aliyozaliwa mama yake, anakusudia kusimama kwenye kona ile na kapu la maua, awape wapita njia bure.

"Watanipiga picha, najua watalii," anasema, akilainisha foronya ya mwisho. "Wapige. Lakini kwanza waniulize jina."