Jiko Lililolia Bila Umeme

Haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua likiwaka Kilembe, na sikuwa nimeonja hata tone la waragi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, kwetu Bwera. Mama Biira, mjane anayeishi peke yake katika nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi hapo Kilembe, alinipigia simu: jiko lake la umeme, la sahani nne na oveni, lilikuwa linalia pii, pii, pii tangu asubuhi. Nilipofika akanionyesha jikoni.

"Litengeneze, mwanangu. Nachuma mboga za dodo hapo nyuma nikupikie." Akatoka.

Nilianza na mambo ya kawaida. Nikafuta vitufe, maana mafuta na unyevu huvifanya vijione vimebonyezwa. Bado. Nikaangalia kufuli la kuzuia watoto wasichezee vitufe, nikapima waya unaosoma joto la oveni. Vizima vyote. Nikazima swichi ya ukutani, nikachomoa waya kabisa. Pii, pii, pii! Nikajiambia ni chaji iliyobaki, itaisha. Wapi! Sasa mimi ni mbishi, sikubali kushindwa na jiko. Nikafungua paneli ya mbele, nikang'oa kile kidude chenyewe kinachotoa mlio, kidogo kama kifungo cha koti, nikakiweka kiganjani.

Niamini, kililia kiganjani mwangu. Bila waya, bila betri. Wewe ungefanya nini? Mimi nilichukua koleo nikivunje.

"Fundi, acha iyo kitu."

Mlangoni alisimama mwanamke kijana, kitenge kimelowa chapachapa, maji yakimchuruzika usoni. Nje hakukuwa na mvua. Alisema Kiswahili cha watu wa Butembo, ng'ambo ya mpaka.

"Jiko haiko na shida. Mama iko chini, kule nyuma. Kimbia!"

Sikumuuliza yeye nani. Nilimpita pale mlangoni, na baridi yake ikaniingia hadi kwenye mifupa.

Mama Biira alikuwa amelala kifudifudi kati ya mboga, mdomo umepinda, akipumua kwa shida. Nikambeba mgongoni hadi barabarani, nikapiga kelele mpaka boda ikasimama, tukambana katikati. Njia nzima nilimwambia, "Leo hufi, mama. Hufi!" Hospitalini daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Alipoweza kuongea tena, aliuliza nani aliniambia ameanguka. Nikamweleza habari za yule mwanamke. Akanishika mkono.

"Alikuwa na mwanya hapa mbele?"

"Alikuwa nao."

"Ni Kavira, mke wa mwanangu. Mto Nyamwamba ulipofurika ulimchukua. Hata mwili hatukuuona."

Kile kidude nilikikuta mfukoni, kimya. Nilikirudisha mahali pake, na jiko linapika mpaka leo. Mama Biira anatembea kwa fimbo. Mimi ndiye sijarudi kuwa yule wa zamani: kifaa chochote kikilia, kiganja hiki kinapoa kama kimetoka mtoni, na siwezi kushika bisibisi kabla ya kuuliza watu wa nyumba wako wapi.

Kwa hiyo jiko lako likilia, futa vitufe, chomoa waya. Likiendelea kulia, usibishane nalo kama mimi. Waite watu wa nyumbani mwako kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote waitike.