Jiko la Mama Nyuma ya Nyumba

Iko siku moja naikumbuka sana, mwanangu, na nikiikumbuka kichwa hunizunguka tena kama siku ile. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa si zamani, Wakesho wetu bado ananyonya. Mimi na mume wangu Mwakio tulikuwa tukikaa Voi, kwenye ploti yetu ya nyumba moja. Baba yangu alikuwa amefariki kule Werugha, na ukungu wa mlimani ulimsumbua mama kifua. Tukamteremsha aje kwenye joto.

Nyinyi siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu na kuwatania. Sisi, mama mkwe hakulala chini ya paa la mkwewe, wala hakula mbele yake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja alipinda. Kwa hiyo Mwakio akamjengea mama chumba nyuma ya nyumba, na jiko lake dogo kando. Tukajiona tumemaliza kazi.

Halafu akaja afisa wa baraza la mji. Alisimama uani akalitazama lile jiko.

"Mama Wakesho, ploti hii ni ya nyumba moja, familia moja. Hii ni nyumba ya pili, na hairuhusiwi."

"Si nyumba, ni chumba cha mama."

"Kina jiko?"

"Kina."

"Basi ni nyumba. Toeni jiko, kiwe chumba tu. Ama kama anayekaa hapo ni mfanyakazi wenu, hiyo itakuwa sevanti kota, na inaruhusiwa na jiko lake."

Nikamwuliza, yaani mfanyakazi anaruhusiwa, mama yangu mzazi haruhusiwi? Hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kichwa akasema, "Sheria ndiyo hiyo, mama. Sikuitunga mimi." Akatupa mwezi mmoja tuamue, la sivyo kitabomolewa.

Mwanangu, tulichanganyikiwa. Tukitoa jiko, mama apike wapi? Kwetu, chini ya paa la mkwewe? Tukisema ni mfanyakazi, sheria itaridhika, lakini mtoto gani anamwita mamake mfanyakazi? Na kumrudisha Werugha ni kumrudisha kwenye baridi impeleke kaburini. Mwakio alimwuliza fundi, akatoka na majibu mawili yanayopingana. Mimi nilimwuliza jirani yangu Bi Zuhura, wa watu wa pwani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwetu sisi mama mkwe ndiye mwenye nyumba, mwanangu. Sisi wengine twapanga tu!" Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokwenda. Tukawa tunanong'ona, na mama akipita karibu tunanyamaza.

Mchana mmoja Mwakio alikuwa anakula, mlango ukagongwa. Nafungua, ni mama, na sufuria yake mkononi. Mwakio aliinuka na tonge mkononi, akitafuta pa kutokea.

"Keti, baba," mama akamwambia. "Mila hii ni heshima yangu, na mimi ndiye ninayeweza kuilegeza. Lile jiko libomoeni."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Mmeuliza jirani, mmeuliza fundi, mmeuliza serikali. Mimi niko hapo uani nachambua mboga. Kwani nilikuwa nimekufa?"

Aibu niliyoiona siku ile sijaiona tena. Mwakio aliketi polepole, macho kwenye sahani, na mama akamwongezea mboga.

Afisa aliporudi, jiko halipo, mama analala ndani kwetu, na chumbani kwake tumeweka kuku. Akasema ni sawa, ila kuku nao wana sheria yao. Hapo mimi nikaingia ndani nikamwachia Mwakio.

Sasa nawe umenijia na ramani ya chumba cha baba mkwe wako, unaniuliza kama kinaruhusiwa. Sijui, mwanangu. Nenda ofisini uulize, usijenge kwa kubahatisha, maana nyundo ya kubomoa haijui chumba ni cha nani. Lakini usianzie ofisini. Anzia kwa mzee mwenyewe. Keti naye, umwulize anataka kulala wapi na kula na nani, kisha unyamaze umsikilize.

Mungu akupe wazee wa kukaa nao. Na ukizeeka, akupe watoto watakaokuuliza.