Masikio ya Mjukuu

Nyumba yangu ya Kirumba niliijenga kwa samaki, miaka ile biashara ilipofunguliwa, na shule yangu iliishia darasa la nne. Baadaye nilinunua laptopu na modemu yake. Sikuruhusu mtu mwingine aishike.

Mama mkwe alikuja kutoka Usagara, anaumwa miguu. Mwanawe wa mwisho, aliyeko ng'ambo, alikuwa amepata mtoto, na bibi alitaka kuona kama masikio ni ya marehemu mumewe. Picha ilitumwa kwenye simu ya mke wangu, lakini simu ile ilipata intaneti kwa bluetooth tu, kutoka kwenye laptopu yangu, na bluetooth haikuvuka kuta mbili. Na sisi Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja.

Nikatoka nje na laptopu, nikasimama kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe, nimeligeuzia mgongo. Mvua ikaanza. Nikavua koti, nikaifunika laptopu.

"Picha imefika kwenye paji la uso," mke wangu akasema kutoka ndani. "Imekwama."

"Mwambie mkwe asogee," mama mkwe akasema.

Nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa nondo za dirisha.

"Si unipe hiyo laptopu niilete ndani?" mke wangu akauliza.

"Hapana."

"Haya, endelea kulowa."

"Imeshuka yote," mke wangu akasema. Halafu mama mkwe akasema taratibu, "Ni yeye. Yamesimama vilevile."

Kisha akaongeza:

"Mwambie mkwe akabadilishe shati."