Spana Isiyoingia Nati Yoyote

Wenzangu mlioandika kwa kalamu ya mawe juu ya kibao, mkakanyaga umande pekupeku mkienda shule kule Ruiru, haya nawaandikia nyinyi. Vijana wakisoma watasema nimezeeka, na hapo hawatakosea.

Hivi majuzi mjukuu wangu alikuwa uani kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari, akifunga urembo kwenye pikipiki yake, nduthi kama waiitavyo. Alikuwa na kishikio cha simu, kioo cha pembeni chenye umbo la jani, na taa za rangi ambazo enzi zetu zingetosha harusi nzima. Vyote aliviagiza kwa simu, vikaja na spana laini kama kijiko cha chai. Nati ilipokataa akaibana kwa praisi. Nilipoona kona za nati zinaanza kuliwa nilimwambia aache, nikamletea spana ringi ya namba kumi kutoka sanduku la marehemu mume wangu. Alishangaa, akaniuliza nimejulia wapi mambo ya spana. Nilimjibu tu kwamba kwetu kulikuwa na skuta. Mengine sikumwambia, maana angecheka, nami sipendi jambo hili lichekwe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Hali ya Hatari ilikuwa imelegea kidogo, lakini bado tulikaa kijijini, nyumba zimepangwa kwa mistari, ua mrefu pande zote na lango moja lililofungwa giza likiingia. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochacha vizuri. Jioni tulisukuma ringi za baiskeli kwa kijiti, tukaruka kamba za mkonge zilizotuchubua vifundo vya miguu, tukachomoa viazi vitamu kwenye jivu na kupuliza vidole. Harufu ya Ruiru ya siku zile ninayo puani hadi leo: maganda ya kahawa yakioza kando ya mto, makali kama pombe. Ng'ambo ya mto ndiko tulikoishi kabla serikali ya mkoloni haijatuhamisha. Tulipaita ganjo, mahame yasiyo na moshi wala mbwa, na sisi watoto tulikatazwa hata kuyaelekezea kidole.

Katika mahame hayo kilibaki kiwanda cha Guka, babu yangu mzaa baba, aliyekuwa mhunzi. Alifariki muda mfupi kabla hatujahamishwa, akazikwa kule kule. Vyombo vyake havikuletwa kijijini. Nyundo, koleo na mivukuto vyote viliachwa pale, na hakuna aliyeviiba, hata katika miaka ile ya shida, watu walipokuwa wakiiba hadi milango. Kwa wazee wetu chombo cha mhunzi hakikuguswa bila ruhusa yake. Aliyekigusa hakudhurika yeye mwenyewe, kilidhurika kilichokuwa tumboni mwa mkewe.

Na nyundo ya Guka ilisikika. Najua mnavyonitazama, lakini wengi wenu mliotoka kijiji kile mliisikia. Ilikuwa alasiri za Julai, baridi imeshuka hadi mtoni na ukungu umekaa juu ya matete. Ti, ti, kisha kimya, kisha ti tena, kama mhunzi anayegonga chuma na kukitazama. Askari wa kijiji walivuka mto na bunduki zao kwenda kuona nani anafua silaha. Walirudi wakasema kuna majani tu. Mmoja wao aliomba ahamishiwe upande mwingine wa ua, na hakueleza sababu. Mama zetu walituita ndani kabla chakula hakijaiva.

Sasa niwaeleze kilichokuwa kikitusumbua nyumbani. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa kwanza wa kike jina la bibi. Mimi ni Wangari, jina la Cucu, mama yake Baba, ndiyo maana Baba aliniita "Mama" hata akinituma maji. Jina la Guka, Karanja, lilikuwa halijapata mtu, na mfu asiyepata wa kubeba jina lake hubaki nje akingoja. Mama alikuwa amezaa wavulana wawili, na wote wawili hawakulia. Uchungu ulimshika mbali na hospitali ya Thika, na wa pili alizaliwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya mashamba ya mkonge. Daktari alimwambia Baba waziwazi kwamba safari nyingine ya namna hiyo itamchukua Mama pia. Na hospitali haikumlaza mtu ambaye siku zake hazijatimia. Sasa Mama alikuwa na mimba tena, tumbo limeshuka, na Baba alikuwa hapati usingizi.

Baba alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya shamba la kahawa. Ndipo akanunua skuta, kuukuu, ya kijana wa Kihindi wa Thika aliyekuwa akienda ng'ambo kusoma. Ilikuwa ya Kitaliano, rangi ya maziwa, na siku aliyoingia nayo langoni wazee walivua kofia. Lakini ilikuwa na kiti cha mtu mmoja. Basi akanunua pia vifaa vya nyuma katika sanduku la karatasi ngumu: kiti cha abiria, egemeo la mgongo, kishikio na vibao viwili vya kukanyagia miguu. Fundi aliyezijua skuta hizo, Kalasinga mmoja wa Thika, alikuwa amefunga gereji na kwenda Kisumu kumwoza binti yake. Baba akasema atavifunga mwenyewe pale uani.

Hapo ndipo nilipojifunza spana. Spana zote za Ruiru zilikuwa za inchi, za Kiingereza. Nati za ile skuta zilikuwa za milimita. Iliyokuwa ndogo haikuingia, iliyoifuata ilicheza. Baba alijaribu kuziba nafasi kwa kipande cha bati la mkebe, spana ikateleza, ikamng'oa ngozi ya kidole na kula kona ya nati. Kulikuwa na ile spana ya kufungua na kufunga mdomo, ambayo mafundi huiita spana malaya. Baba alikuwa mzee wa kanisa, hivyo aliniambia tu, "Lete ile ingine." Lakini mdomo wake ulikuwa umelegea, na haikuweza kupenya chini ya kiti mahali bolti kubwa zilipokaa. Kiti kikafungwa nusu nusu. Baba aliweka gunia la mahindi juu yake akazunguka kijiji mara moja, na lilipofika kisimani kiti na gunia vyote vilikuwa chini. Alikaa kwenye kinu akakitazama kile kiti. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia kabla ya siku hiyo.

Cucu alikuwa akimenya viazi. Alisema bila kuinua macho kwamba iko spana moja hawajaijaribu. Wakati wa ugonjwa wake Guka alikuwa hawezi hata kushika kikombe cha uji, lakini alijikokota kiwandani akafua spana. Watu waliijaribu kwenye baiskeli, kwenye mashine ya kusaga, kwenye lori la mkonge. Haikuingia nati yoyote. Walimcheka mzee wa watu, naye akawajibu kwamba nati yake bado haijafika.

Baba alisema yeye ni Mkristo na mtu wa dawa, na mambo ya mahame hayaamini. Hakuamini, lakini hakujitolea kwenda. Cucu akafunga leso, akanishika mkono. Nilipouliza kwa nini mimi, alisema Wangari ndiye mke wa mwenye nyumba, na sisi sote wawili ni Wangari.

Tulivuka mto alasiri, askari wa langoni akitutazama bila kuuliza kibali. Mahame yalikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia gauni langu likisugua majani. Mimea ya maboga ilikuwa imeingia milangoni na kutokea madirishani, na maboga makubwa yalikuwa yamelala vitandani mwa watu. Nyundo ilikuwa ikigonga tulipokuwa mtoni. Tulipofika ua wa Guka ilinyamaza, kama vile mtu anyamazavyo akisikia wageni.

Paa la kiwanda lilikuwa limeanguka upande mmoja. Jiwe la kufulia chuma lilikuwa pale, na juu yake hakukuwa na jani wala vumbi. Cucu alichutama penye tanuri, akaingiza mkono kwenye jivu. Kisha akauchukua wangu akauingiza. Lilikuwa na joto. Si moto wa kuunguza, ni joto la mahali mtu alipokuwa amekaa. Niliuchomoa mkono nikaufuta kwenye gauni.

Cucu hakuomba wala kutambika. Alisema kwa sauti ile ya kumwambia mume chakula kiko mezani: "Karanja, mara mbili umefika mlangoni ukarudi. Mwanao anakutengenezea kiti. Mimi nimekuja kuchukua kile chuma, na kama hutaki, sema sasa."

Tulingoja. Ukungu uliingia kupitia lile paa lililoanguka, ukatuzunguka. Hakuna kilichosema. Cucu aliinua mkono juu ya boriti bila kutazama, akashusha spana nyeusi isiyo na kutu hata chembe, akaifunga kwenye leso. Tuliondoka na hakuniruhusu kugeuka. Nyuma yetu nilisikia majani yakikanyagwa, hatua kwa hatua nasi, mpaka kwenye maji.

Nyumbani Baba aliipokea kwa ncha za vidole. Akalala chali chini ya skuta, akaiweka kwenye bolti ile kubwa. Iliingia na kukaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Haikucheza wala kubana. Alizungusha, nati ikakazika, ikalia ule mlio mdogo wa chuma kilichofika mwisho. Alizifunga zote nne. Alipotoka alisema bila shaka mzee alipima nati za mateka wa Kitaliano waliopita na malori yao wakati wa vita. Cucu alimjibu kwamba miaka yote ya vita mzee alikaa katika nyumba ile na hakumwona Mtaliano hata mmoja.

Uchungu ulimshika Mama siku chache baadaye, sahani za chakula cha mchana zikiwa bado hazijaoshwa. Baba alimkalisha upande upande, gauni limefungwa kwa shuka, mgongo kwenye egemeo, miguu kwenye vibao. Niliwakimbilia hadi langoni. Nilimwona Mama akishika kile kishikio kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa myeupe. Kisha wakamezwa na vumbi, nasi tukabaki na Cucu tukisikiliza injini mpaka ikapotea.

Baba alitusimulia baadaye, na alikuwa mtu asiyetia chumvi. Alisema walipofika darajani skuta ilizama nyuma ghafla, kama mtu mzima ameruka na kukaa. Alifikiri kiti kimeng'oka. Alitupa jicho nyuma, Mama alikuwa ametulia, ametulia kuliko alivyotoka nyumbani, na kiti hakikutikisika. Alipanda mlima kwa gia ya kwanza, injini ikilia, na uzito ule haukutoka mpaka mlangoni mwa hospitali.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijatua, mvulana, akalia mpaka manesi wakacheka. Mama alirudi nyumbani kwa kiti kile kile, akiwa hai. Walipomweka mtoto mapajani mwa Cucu alimtazama vizuri, kwanza viganja na kisha uso, akamwambia, "Mume wangu, umechelewa." Tangu siku hiyo hakuna aliyeisikia nyundo tena ng'ambo ya mto. Ndugu yangu alipoanza kusema alimwita Cucu kwa jina lake, Wangari, kama mume amwitavyo mkewe, na nyumbani kwetu hakuna aliyemkosoa.

Karanja aliishi maisha marefu na mema, na mwaka jana tulimzika. Aliacha mwana mmoja, anayekaa Mwihoko, na mwana huyo ana binti mmoja. Baada ya mazishi nilimuuliza kwa upole, mimi shangazi yake, kama watatafuta mtoto mwingine, labda wa kiume wa kuitwa Karanja. Alicheka akasema, "Tata, siku hizi mmoja anatosha," akarudi kwenye simu yake. Simlaumu. Karo ni karo, na nyumba zao ni finyu. Enzi zetu hatukuulizwa kama tunatosha, tulizaliwa kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja kupitia kwetu. Nilimhuzunikia ndugu yangu, lakini usiku na mchana nilikuwa nikimwaza mwingine: yule mzee, Guka, sasa amerudi nje, na safari hii hakuna anayemfungia kiti.

Wiki iliyofuata nilichukua fimbo yangu nikaenda mpaka ng'ambo ya mto. Kule kote sasa ni flati, ghorofa juu ya ghorofa, nguo zimeanikwa kila dirisha na watoto wa watu wanapiga kelele ngazini. Mlinzi wa langoni, kijana mwenye adabu, alinipa kiti akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia Karanja.

Alifikiri kidogo. "Shosho, hapa hatuna mtu wa hilo jina," akasema. "Jaribu geti ya pili."

Nikamshukuru, nikaenda geti ya pili.