Mwanangu alizaliwa na karibu kilo tano, nikashangilia kilo badala ya kumsikiliza nesi

Wakuu, heshima kwenu. Humu mimi ni msomaji tu, miaka mingi nimekaa kimya. Leo naandika, na sitatia chumvi. Mwenye matusi ayaweke tu, ninayastahili.

Ni enzi zile za ruksa. Mitumba imefunguliwa, nina meza yangu mjini Arusha, nimepanga vyumba viwili Sekei, mke wangu ana mimba ya kwanza.

Sisi tuliopangishwa foleni ya sukari utotoni, kuikuta imejaa dukani ilikuwa raha ya ajabu. Kila jioni nilimpelekea mke wangu soda mbili. Akawa na kiu haiishi, chooni haondoki. Nikasema huyo ni dume, ndiyo maana anadai.

Kliniki wakamwambia mkojo una sukari, arudi apimwe damu. Nilicheka.

"Kisukari ni cha mabosi wenye vitambi. Wewe mtoto wa mkulima umekitoa wapi?"

Hakurudi. Nilimzuia mimi.

Uchungu ukaja, akahangaika sana, mtoto akakwama mabega. Mwisho akatoka dume, kilo nne na gramu mia tisa. Wakuu, nilitembea mle wodini kifua mbele. Manesi wawili walikuja kumtazama, nikadhani wanamshangaa kama mimi.

Baadaye nesi mmoja mtu mzima akaniita pembeni. Walikuwa wamemtoboa mtoto kisigino, sukari yake iko chini, wamemwekea dripu. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Baba, ukubwa huu si afya, ni sukari ya mama yake. Alizoea kulishwa sukari nyingi tumboni, sasa imekatika ghafla. Anyonye kila baada ya saa mbili, hata kama amelala mwamshe. Ukimwona katulia usifurahi. Na msiondoke kabla hatujawaruhusu."

Nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Mke wangu alikuwa ameshonwa, amechoka, anasinzia. Haya hakuyasikia. Niliambiwa mimi peke yangu.

Sasa nyumbani Akheri baba yangu alishachinja mbuzi. Mjukuu wa kwanza wa kiume, anabeba jina lake, na wazee wa usharika wamealikwa. Ujumbe ukaja: mnachelewa nini?

Kesho yake asubuhi dripu ilikuwa imetolewa. Nikaazima pikapu, nikasaini kwamba namwondoa kwa hiari yangu. Nesi aligoma mpaka akachoka. Mke akaniuliza, "Wameturuhusu?" Nikamjibu wameturuhusu.

Tulipanda na jirani yetu wa Sekei, nimwite Mama Elia, mama mpole aliyemsaidia mke wangu mimba nzima. Ndiye aliyempakata mtoto njiani. Tulipofika, akamkabidhi kwa mama yangu huku anacheka: "Jamani mzito huyu, kama wa miezi mitatu!"

Vigelegele. Mtori ukaletwa, baba akaomba. Mtoto akapita mkono kwa mkono, kalala fofofo. Mke wangu akataka kumnyonyesha, mama yangu akamkataza.

"Mwache. Mtoto anayelala ndiye anayekua."

Wakuu, hapo nilitazama saa. Zilikuwa zimepita saa nne bila kunyonya. Nilijua. Nikaona aibu kumpinga mama mbele ya wageni, nikachukua kipande kingine cha nyama.

Saa nane mchana mikono ya mtoto ikaanza kutetemeka. Akina mama wakasema ni baridi ya mlimani, wakamwongezea blanketi. Kisha akakakamaa, akageuza macho. Ndipo nikakimbilia pikapu. Hatukufika hata lami. Mke wangu ndiye aliyegundua, akaanza kupiga yowe, nami nikaendelea kuendesha tu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Msibani watu wakatafuta sababu. Mtoto mkubwa vile, mzima, afe siku ya pili? Mmoja akakumbuka lile neno la uzito. Basi, ikapita kwamba Mama Elia ana jicho baya, ndilo lililomuua.

Yule mama akalia, akaapa. Mke wangu akamfukuza mbele ya watu. Nilikuwa nimekaa pale pale, sentensi moja tu ingemwokoa. Nilinyamaza.

Tukahama Sekei. Mimba mbili zilizofuata ziliharibika, ndipo mke wangu akapimwa na kukutwa na kisukari. Hatuna mtoto. Siku hizi anajichoma insulini, macho yanafifia, bado anafikiri walituruhusu.

Mwezi uliopita Mama Elia alizikwa. Nilikwenda kwa kujificha, nikasimama nyuma kabisa. Niliporudi nikamkuta mke wangu amepata habari.

Akasema, "Mungu amelipa. Sasa mwanangu atapumzika."

Nikamwitikia, "Kweli mama." Wakuu, niliitikia!

Funzo: mke mjamzito akiambiwa sukari, mpeleke akapimwe. Mtoto akizaliwa mkubwa usihesabu sifa, mwache hospitali mpaka wamridhie. Nesi akikwambia jambo, mwambie mkeo siku hiyo hiyo.

Wenye uzoefu, hasa akina mama, naomba mniambie. Kama mngekuwa mke wangu, katika uzee huu, mngetaka kuambiwa?