Kusindikizwa Kwenye Theluji

Pale Nanyala vijana wa bodaboda wananiita Mzee wa Theluji, na kosa ni langu. Niliporudi kutoka Norwei nilikuja na hadithi za kuchekesha: ile ya suruali niliyoianika nje ikaganda ikasimama yenyewe, ile ya kuanguka mara tatu kati ya mlango wa kanisa na barabara nikiwa nimeinua Biblia juu isilowe. Watu wanacheka, nami napenda wacheke. Kuna moja sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwinjilisti kijana kutoka Itaka, kanisa letu liliponituma kuhudumu mwaka mmoja katika usharika rafiki, kwenye mji mdogo wa milimani. Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani nakwenda kuhubiri, kumbe kazi niliyopangiwa ilikuwa kuwatembelea wazee majumbani, kuwasomea zaburi na kunywa kahawa yao. Kwa kiburi cha umri ule niliona nimeshushwa cheo.

Alhamisi ilikuwa zamu ya bibi mmoja mjane, mwenye miaka themanini na zaidi, aliyeishi peke yake kwenye nyumba nyekundu ya mbao. Nilimpelekea kahawa ya shambani kwetu, mama aliikaanga mwenyewe. Alisema ni kali, kisha akamaliza vikombe viwili. Kila wiki aliniuliza habari za mama: ana umri gani, nani anamsaidia kuchuma. Lugha yao niliiongea kwa kubahatisha, naye alinisahihisha bila kunicheka. Mimi nilimwita Bibi, kwa Kiswahili, na jina akalipenda.

Siku moja ya Novemba, tukiwa tunaagana mlangoni, nikamwambia kwa utani kwamba kwetu Mbozi mgeni haagwi mlangoni. Anasindikizwa. Ukimwacha aondoke peke yake ni kama umemfukuza. Alifikiri kidogo, akavaa koti, kofia na skafu, akatoka nami mpaka kituo cha basi, mwendo wa dakika kumi hivi kwenye theluji. Tangu hapo ikawa hivyo kila Alhamisi.

Ila nilimwambia nusu tu. Kwetu mzee hamsindikizi kijana njia nzima. Anafika mwisho wa migomba, na kijana ndiye anayesema, "Inatosha, Mama, rudi." Mzee akikaidi, kijana anageuka naye, anamrudisha mpaka mlangoni, ndipo anashika njia yake. Hilo analijua kila mtoto wa Itaka, na mimi nililijua. Sikumwambia kwa sababu nilinogewa. Katika mji ule watu walinipita barabarani bila salamu, halafu mara moja kwa wiki mtu mzima ananishika mkono, tunatembea, watu wanatuona. Nilijisikia nina kwetu. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Alifurahi sana. "Huyo ndiye mama yako wa huko," alisema. "Mtunze."

Februari mvua ilinyesha juu ya theluji, kisha ikaganda. Siku kama hizo wenyeji huvalisha viatu vyao mpira wenye misumari mifupi chini, wasiteleze. Mimi nilikuwa nimeisahau yangu nyumbani. Wakati wa kuondoka Bibi alivitazama viatu vyangu, akachukua misumari yake, akanipa.

"Mimi nimezaliwa kwenye barafu," alisema. "Wewe umezaliwa kwenye kahawa."

Nikavaa. Nilijiambia kwamba kumkatalia mkubwa anachokupa si adabu. Adabu gani ile, sijui. Hata kumwambia abaki ndani sikumwambia. Tulikwenda taratibu, yeye kanishikilia, mimi nikikanyaga vizuri kabisa. Tulipofika kituoni basi lilikuwa linakuja, na lingine lingekuja baada ya saa nzima. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Niliwaza kuivua ile misumari nimrudishie. Niliwaza kugeuka naye mpaka kwake. Siwezi kujitetea kwamba sikuwaza. Nikapanda basi, naye akanipungia mkono.

Alianguka karibu na geti lake akavunjika nyonga. Jirani alimkuta pale chini, amelala kwenye barafu. Kutoka hospitali alipelekwa kwenye makao ya wazee, na kwenye ile nyumba nyekundu hakurudi tena. Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wanaulizana: mtu wa umri ule, barafu ile, bila misumari, alifuata nini nje? Mchungaji akanigeukia.

"Wewe ulikuwa kwake siku hiyo. Alikuambia anatoka?"

Nikasema hapana. Misumari yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu.

Nilikwenda kumwona mara mbili. Hakuniuliza wala hakumwambia mtu. Mara ya pili, nilipoaga, alishika kingo za kitanda akajaribu kuinuka, muuguzi akamzuia.

"Leo siwezi kukusindikiza," aliniambia. "Unisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha, nami nikamjibu kwamba haina shida. Nimekosea mengi maishani, lakini jibu hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Ningeweza kusema neno pale pale. Muda ulikuwepo, na lugha yake nilikuwa nimeshaijua.

Siku niliyorudi Itaka, kabla hata sijamaliza chai, mama aliuliza, "Na yule mama yako wa huko, alipokuwa anakusindikiza, ulikuwa unamrudisha mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni, Mama."

Akaridhika. Tangu hapo kila mavuno anatenga pakiti ya kahawa nimtumie mwenzake. Ya kwanza niliituma. Ikaja barua ya mtoto wa Bibi kwamba mama yao alikwishafariki. Mama sijamwambia. Nikimwambia amekufa, ataniuliza alikufaje. Pakiti zinakaa kabatini kwangu, pamoja na ile misumari.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona mama. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu, lakini alinisindikiza, na ndala zake, mpaka tukaipita migomba. Nikamwambia arudi, akakataa. Nikamshika mkono, nikageuka naye, nikamfikisha mpaka mlangoni. Alicheka.

"Kama ulivyokuwa unamfanyia yule mwenzangu," alisema.

Nikasema ndiyo. Pakiti ya huyo mwenzake ya mwaka huu nilikuwa nimeibana kwapani.